Kibanda cha Dhamana

Siku hakimu alipompa ndugu yangu dhamana, mimi peke yangu ndiye niliyecheka mle kortini. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilinitoka tu, kama mtu aliyetekenywa, na askari wa mlangoni akanikazia macho mpaka nikaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Nilikuwa msichana wa namna hiyo. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa mwaka uliotangulia, nami nilijiwekea kichwani kwamba kila kilichofungwa katika nchi hii sasa kitafunguliwa: shule, mashamba ya Wazungu kule Lugari, na hata mlango wa rumande ya Kakamega. Watu walicheza ngoma ya isukuti siku ile ya bendera, wakachoka, wakaenda kulala. Mimi nilikuwa bado nacheza ndani kwa ndani.

Masomo yangu yaliishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kushikiza nguo na kushona vifungo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mjini. Kwetu ni njia ya kwenda msituni, na ukitoka jogoo wa pili akiwika unafika mjini maduka yakifunguliwa. Mama alikufa nikiwa mdogo. Nyumbani tulikuwa baba, ndugu yangu mkubwa, mimi, na mama yake baba, ambaye sote tulimwita Kukhu, kama bibi anavyoitwa kwetu.

Mambo yalianzia kwenye mchezo wa mafahali. Alfajiri ile fahali wetu alipambanishwa na fahali wa ng'ambo ya kijito, yaani wa majirani zetu, na wetu akakimbia. Alikimbia vibaya, mkia juu, akapita katikati ya wanawake. Kijana wa ng'ambo alikuwa rafiki wa ndugu yangu tangu walipokuwa wakichunga pamoja. Akamfuata nyuma akipiga kelele, "Huyo si fahali, huyo ni bibi harusi! Mpelekeni mkamkamue!" Watu wakaangua kicheko. Ndugu yangu akageuka na ile fimbo ya kumwongozea fahali, akampiga moja tu, juu ya sikio.

Kila aliyekuwapo husema jambo moja: yule kijana alikaa chini huku bado anacheka. Akainuka, akaenda kwao, akala. Kesho yake hakuweza kusema, akapelekwa hospitali, na kabla ya Jumapili akarudishwa kwao akiwa amefunikwa shuka.

Ndugu yangu alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mkalimani wa korti, mtu mnene aliyezaliwa huku huku kwetu, ndiye aliyetueleza kwamba hapo kuna nafasi. Ingekuwa kuua kwa kukusudia, alisema, hata kuomba dhamana tusingeomba. Lakini shtaka hili, ingawa ni zito, hakimu anaweza kumwachia mtu akangoje kesi akiwa nje, mradi apatikane wa kumsimamia.

Inspekta wa polisi alikataa. Alisema Uganda si mbali, na mtu mwenye kosa kubwa hukimbia. Tena alisema familia ya marehemu inakaa ng'ambo ya kijito, na huyu akirudi kijijini fimbo zitainuka tena. Hakimu alikuwa bado Mzungu, mzee mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani. Aliandika, akainua macho, akamtazama baba. Mkalimani akatafsiri.

"Mzee, huyu akitoka atakaa wapi?"

Baba aliinamisha kichwa. Nilimwona akiizungusha kofia mikononi.

"Mzee, korti inangoja."

"Kwangu," baba akasema.

"Kwako wapi? Nyumbani kwako?"

"Shamba ni langu. Atakaa kwangu."

"Akipotea ni wewe tutakayekuja kukuuliza. Umesikia?"

"Mimi sipoteangi."

"Si wewe, mzee. Yeye."

Watu wakacheka kidogo. Hakimu akasema ndugu yangu akae kwa baba yake, asitoke katika lokesheni, yaani eneo la chifu wetu, asivuke kijito, na arudi siku ya kesi atakapoitwa. Baba akaweka dole gumba penye alama. Hapo ndipo mimi nilipocheka. Nilidhani ule ukimya wa baba ulikuwa woga wa Mzungu.

Nje, kwenye ukumbi, mkalimani alimvuta baba kando. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba kikapu.

"Mzee, nimeona ulipokwama. Mimi pia ni mtoto wa huku. Najua mkifika nyumbani mnataka kufanya nini." Akashusha sauti. "Msichinje kondoo. Si sasa."

"Na tusipochinja ataingia vipi?"

"Hilo silijui. Ninalojua ni kwamba mkichinja, siku ya kesi inspekta atasimamisha shahidi amuulize, 'Walikuwa wanaosha nini?' Na mimi mwenyewe ndiye nitakayesimama pale kulitafsiri jibu."

Kwetu, mtu aliyemwaga damu haingii bomani kwao. Hali chombo kimoja na wenzake, hashikwi mkono, hapokei mtoto mikononi, halali chini ya paa la mama yake wala la bibi yake, mpaka pande mbili zikae, kondoo achinjwe, na wazee wafanye wanayoyajua. Haijalishi kama alikusudia. Damu haiulizi makusudio. Ila korti inauliza, na machoni pa korti kuoshwa ni kukiri. Hata tungetaka, watu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kusema hawatakaa nasi mbele ya kondoo yeyote kabla serikali haijasema neno lake.

Tulipofika nyumbani, Kukhu alikuwa amesimama langoni. Alikuwa ameweka mti wa mtwangio toka nguzo hii hadi nguzo ile, na yeye mwenyewe, mwembamba kama bua, nyuma yake.

"Hapo hapo," alisema.

"Kukhu, ni mimi," ndugu yangu akasema.

"Nimekuona ni wewe. Kama ungekuwa mwingine ningekukaribisha."

Baba akaanza kumweleza habari za hakimu. Kukhu akamkatiza.

"Rumande alikuwa analala?"

"Alikuwa analala."

"Basi kulala kwa huko ni kwingine. Nyumba za serikali hazina mwenyewe, damu haimjui mtu huko. Hapa inajua kila mlango. Mpeleke Musanda kwa wajomba zake, ndiko watu wa namna hii hukimbiliaga. Akae huko mpaka aoshwe."

"Musanda ni kutoka lokesheni. Watasema amekimbia. Nimemwambia Mzungu kwangu."

"Kwa hiyo Mzungu ndiye atakayekuja kunizikia wajukuu?"

Tulisimama pale mpaka ng'ombe wakarudi na kutupita, wao wakiingia, sisi tukibaki. Ndugu yangu alikuwa ameegemea ua.  Baadaye baba akamwashiria kwa kofia, wakateremka shambani, mimi nyuma na kikapu changu. Wakapita mahindi, wakapita migomba, wakafika chini kabisa ambapo shamba letu linaishia kwenye kijito. Hapo palikuwa na kibanda cha kulindia mahindi yasiliwe na kima. Nguzo nne, paa la nyasi, ukuta wa mabua upande mmoja tu.

"Ni hapa," baba akasema. "Hapa ni kwangu, na hapa si nyumbani."

Alikuwa amepata mahali pekee duniani ambapo hakimu asingemlaumu wala Kukhu asingemfukuza. Hata mimi nilifurahi, nikaanza kufagia. Nilipoinua kichwa, ufagio ukanikwama mkononi. Ng'ambo ya kijito, katikati ya migomba yao, palionekana nyumba ya marehemu, na kando ya nyumba lile kaburi, udongo wake bado mwekundu, halijaota hata jani.

Ndugu yangu alikuwa ameliona kabla yangu. Alikuwa ameketi ameliangalia.

Siku za mwanzo alikuwa anajaribu kuzoea. Nilimpelekea obusuma, ugali wa kwetu, juu ya jani la mgomba, maana chombo chake kisingeweza kurudi jikoni. Nilikiweka chakula chini, nikasogea, naye akakisogelea.

"Nimekuwa nabii," aliniambia. "Naletewa chakula na kunguru."

"Kunguru gani mwenye darasa la saba?"

"Ndiyo maana obusuma ni baridi. Kunguru ametoka kusoma."

Tulicheka. Nilimweleza ndoto zangu, kwa sababu mimi nilikuwa nazo hata za kugawa. Nitapata cherehani yangu mwenyewe. Nitashona sare za shule zote zitakazofunguliwa. Kesi itakwisha, ataoshwa, ataoa, na mimi nitamshonea mkewe gauni lenye mikono ya puto. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Halafu akasema, "Usishone bado," akageuza uso.

Siku nyingine alinieleza linalomsumbua. Mama wa marehemu alikuwa akija kijitoni kila asubuhi na mtungi wake. Alijaza mtungi, akauweka juu ya jiwe, kisha akasimama akitazama upande wetu. Hakutukana wala hakulia. Alisimama tu mpaka akatosheka, akajitwika mtungi akaenda zake. Huyu ni mama aliyekuwa akituvushia chakula tulipofiwa na mama yetu, akamkalisha ndugu yangu na mwanawe wakila kwa sahani moja.

"Hata mvua ikinyesha anakujanga," ndugu yangu alisema. "Heri angenitupia jiwe."

Akaanza kuacha chakula. Nilikuta jani la jana na obusuma yake imepasuka kwa jua, sisimizi wamelijaa. Nikaona jambo jingine ambalo mpaka leo silipendi kulikumbuka. Tulikuwa tukitembea kwenye kijia cha shambani, yeye mbele, mimi nyuma, mchana kweupe. Akasimama ghafla, akatoka nje ya kijia, akaingia kwenye mahindi kama unavyompisha mtu aliyebeba mzigo. Akangoja. Kisha akarudi kijiani akaendelea kutembea. Nilitazama. Hakukuwa na mtu.

"Umempisha nani?"

"Hukumsikia?"

"Nani?"

"Anacheka," alisema.

Nilimwambia ni maji. Pale chini kijito kinapita kwenye mawe, na maji yakipungua yanatoa sauti ya kukatika-katika. Nikaketi naye nimwonyeshe. Sikiliza, nikasema, ni maji hayo. Tukasikiliza. Nami nikasikia kijana anayecheka akiwa amekaa chini. Niliinuka nikapanda juu nyumbani bila kuaga, na jani la chakula nikalisahau mkononi.

Siku iliyotutikisa, mimi nilikuwa barazani mjini nikishikiza koti. Niliinua macho nikamwona ndugu yangu akipita barabarani, hana viatu, anatembea haraka kama mtu aliyetumwa. Nikamwambia Mhindi nakwenda mara moja. "Wewe kila siku mara moja," alisema, lakini nilikuwa nimekwisha shuka ngazi.

Alikwenda moja kwa moja hadi lango la jela. Nilipomfikia alikuwa anaongea na askari wa zamu.

"Nataka kuingia."

"Una nani ndani?"

"Sina mtu. Nataka kuingia mimi."

"Umefanya nini?"

"Niliua."

Askari akashika rungu. Mwenzake, mzee mwenye masharubu, akatoka kwenye kibanda chao akamwangalia vizuri.

"Si wewe ulitoka hapa juzi juzi kwa dhamana?"

"Ndiyo. Naomba kuirudisha."

"Dhamana si sufuria ya kuazima, eti nimemaliza kupika, chukueni." Kisha akaona uso wa ndugu yangu, na sauti yake ikashuka. "Kijana, nenda nyumbani. Watu humu ndani wanalia usiku na mchana watoke, wewe unabisha hodi. Aliyekutoa ni hakimu. Wa kukurudisha ni hakimu, au mzee wako aende kortini aseme amechoka kukusimamia. Mimi nina funguo tu."

Ndugu yangu alishika nondo za lile lango. Ndani kulikuwa na wafungwa wanafyeka nyasi, na mmoja akatuangalia akatabasamu, labda alidhani tumemletea kitu. Nikamvuta mkono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshika tangu fimbo ile, na nilikuwa nimeushika kabla sijakumbuka mwiko.

Njiani alisema, "Kule ndani tulikuwa wengi, kila mtu na wake. Mwingine anaota ng'ombe aliyeiba, mwingine anaota mke wake. Wangu alipotea katikati ya wao. Hapa tuko wawili tu." Baada ya hatua kadhaa akauliza, "Utamwambia baba aende akaseme amechoka?"

"Baba hajachoka."

"Basi mwambie mimi nimechoka."

Nilijua maana yake. Baba angeenda kortini, mbele ya watu wote wa kijiji, kusema simtaki mtoto wangu. Na ndugu yangu asipopata hilo, safari ijayo miguu yake haitamleta mjini. Itamchukua kwenda msituni au Uganda, au mahali ambapo kamba inafungwa. Nilitembea nikimtazama mgongo, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na ndoto hata moja ya kumpa.

Tulianza kusikia makelele tukiwa bado kwenye migomba. Pale kijitoni, upande wa ng'ambo, walikuwa wamesimama wanaume na fimbo, baba wadogo wa marehemu. Upande wetu baba alikuwa ameketi chini kwenye tope, kofia imeanguka. Na katikati, miguu ndani ya maji, alikuwa yule mama.

"Tulijua!" mmoja alikuwa anasema. "Mlimnunua kwa Mzungu, sasa mmemtorosha. Mwambie Mzungu wako aje akuchukue na wewe!"

Ndugu yangu akatokeza, akateremka mpaka ukingoni. Pale akasimama, vidole vya miguu vikigusa maji, hakuvuka. Wanaume wakashusha fimbo. Ni yule mama aliyesema. Hakuwa amesema neno na mtu wa nyumba yetu tangu mazishi.

"Ulikuwa wapi?"

"Rumande, mama. Nilikwenda wanifungie. Wamekataa."

Mmoja wa wale wanaume alicheka bila kupenda, akajifanya anakohoa.

"Kwa nini ukafungwe na wamekufungua?"

"Siwezi kukaa hapa ukiniangalia."

Mama akamtazama muda mrefu. "Mimi nakuangalia wewe?" alisema. "Wewe nikuangalie nipate nini? Mimi naangalia moshi wa moto wako. Waliniambia dhamana ni kununua kesi. Waliniambia imekwisha, nirudi nikalime. Nikasema hapana, kama kesi imekwisha asingelala kwenye kibanda cha kima. Kwa hiyo nakujanga asubuhi nione moshi wako. Ukiwapo, mwanangu bado ana kesi. Leo nimekuja, moshi hakuna. Nikasema mwanangu amekufa tena, na mara hii hakuna hata wa kuulizwa."

 Mimi, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikateremka nikasimama kando ya ndugu yangu.

"Mama, dhamana si kununua," nikasema. "Mimi nafanya kazi ya nguo. Kabla ya kupiga nguo cherehani tunaishikiza kwanza, kwa uzi mrefu, ikae tu mpaka fundi aifikie. Ukiiona unaweza kudhani imekwisha shonwa, lakini haijashonwa. Kesi yenu imeshikizwa hivyo. Hakimu bado hajaifikia."

Akanigeukia. "Na uzi ukikatika?"

"Uzi ni yeye," nikasema.

Nilijuta papo hapo, maana nilimwona ndugu yangu akifumba macho. Lakini mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Basi kaa mahali ninapouona moshi wako," alimwambia.

"Na nikishindwa, mama?"

"Mimi nilishindwa zamani. Na kila asubuhi naamka."

Akainua mtungi wake. Hakuna aliyemsaidia kujitwika, maana sisi mwiko haukuturuhusu kumgusa, na wanaume wake walikuwa wameduwaa.

Tangu siku ile ndugu yangu alikaa. Siwezi kusema alipona. Aliendelea kumpisha yule mtu kijiani, nami nikajifunza kusimama nyuma yake kimya, tukingoja wote wawili. Kile kicheko kilianza kunifuata mpaka mjini. Nilikisikia kwenye magurudumu ya cherehani, barazani, jua likiwa utosini, nikainua macho kwenye sindano nikakuta mashine za mafundi zimenyamaza, nacho bado kinasikika. Mhindi aliniuliza kama nimeshikwa na malaria. Lakini kila asubuhi ndugu yangu aliwasha moto, akaweka juu yake majani mabichi ili moshi uwe mwingi. Yule mama alikuja, akauona, akaenda. Hawakusemezana tena.

Kisha mahindi yakakua. Mwaka ule yalikuwa mazuri ajabu, yakapita urefu wa mtu, na yale yaliyokuwa mbele ya kibanda yakakificha. Nilimkuta baba asubuhi moja na panga anayakata, mabichi, yakiwa yameanza kubeba. Alikata njia pana kutoka kibandani mpaka majini. Kukhu aliteremka na bakora yake mpaka pale mahindi yanapoishia, akasimama.

"Unakata chakula," alisema.

"Nakata."

"Kimefanya nini?"

"Kimesimama mbele ya mtu," baba akasema, akaendelea kukata.

Kukhu alilia kwa ajili ya mahindi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia tangu haya yote yaanze, na nadhani si mahindi peke yake aliyoyalilia. Siku ile ile alikubali wazee waende ng'ambo kuuliza habari za kuoshwa, na ng'ambo wakajibu: hukumu ikitoka, ya namna yoyote, watakuja kukaa. Baba akatafuta kondoo asiye na doa, akamfunga nyuma ya nyumba.

Siku ya kesi tulikwenda kwa miguu, sisi mbele, wao nyuma, katikati yetu nafasi ya kutosha kupita mkokoteni. Ndugu yangu alikuwa amevaa shati nililomshonea. Hakuna askari aliyekuja kumchukua. Alijipeleka. Walipomsomea shtaka, mkalimani hakuwa na kazi kubwa ya kutafsiri, maana ndugu yangu alijibu maneno mawili tu, "Ni kweli." Inspekta aliyekuwa amejitayarisha na mashahidi wake akafunga faili polepole, kama mtu aliyekuja na mwavuli na mvua haikunyesha.

Hakimu alisema mambo mengi kwa ile sauti yake ya kanisani. Alisema mtu aliyepewa nafasi ya kukimbia asikimbie, hilo nalo linaandikwa. Alisema pia mtu amekufa, na fimbo ni fimbo. Akampa miaka. Si yote ambayo angeweza kumpa, mkalimani alituambia, lakini ni miaka. Kisha akamgeukia baba akasema ametimiza alichoahidi, na kuanzia sasa hadaiwi kitu na korti.

"Mzee, uko huru," mkalimani akatafsiri.

Baba aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeambiwa.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye lori. Alitupita karibu, amefungwa pingu, na sitasema uongo: uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Hakumpisha mtu yeyote njiani. Alitembea katikati ya njia.

Nje, watu wa pande mbili walikuwa wamesimama kwenye nyasi za korti, hawajui tena wakae upande gani. Wazee wao walikuja kwa wazee wetu wakaanza kuongea habari za kondoo, kwa kuwa serikali ilikuwa imesema neno lake. Wakaongea kidogo, mmoja akaangalia lile lori, na wote wakamfuata kwa macho. Kondoo alikuwapo na wazee walikuwapo. Mtu wa kuoshwa ndiye aliyekuwa anapandishwa kwenye lori.

Yule mama alinijia mimi. Alikuja karibu kuliko alivyowahi kuja tangu fimbo ile, nikanusa moshi wa jikoni kwenye nguo zake. Nilidhani atanishukuru, au atanilaani, nami nikajitayarisha kwa yote mawili.

"Msichana," aliniambia, "sasa nitamwangalia wapi?"

 Lori likawashwa, likazunguka nyuma ya korti, vumbi lake likainuka, likatua juu ya nyasi. Tulibaki tumesimama pale, mimi na yeye, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.